Kutoka kwenye fizi hadi moyoni: karne ya ubishi wa madaktari

Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akawashukia madaktari wa meno bila huruma. Kofia na madaraja ya dhahabu waliyojivunia, alisema, yamefunika usaha, na usaha huo ndio unaowaletea wagonjwa upungufu wa damu na homa zisizojulikana chanzo. Fikra yenyewe haikuwa ngeni. Miaka 20 hivi kabla yake, Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa Berlin, alikwisha kuandika kwamba maradhi ya mwili mzima yanaweza kuanzia kinywani. Miller alishauri meno yatibiwe. Wengi waliomsikiliza Hunter walishika koleo.

Yaliyofuata yanaumiza hata kuyasoma. Kwa zaidi ya miaka 20 watu waling'olewa meno, mengine mazima kabisa, wakitumaini kupona viungo, figo au moyo. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, daktari Henry Cotton aliwang'oa wagonjwa wake meno, kisha akaendelea na tonsili na hata utumbo mpana. Wengi walikufa. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kuzishuku fizi. Kosa lilikuwa kung'oa kwanza bila kuwalinganisha waliong'olewa na wasiong'olewa. Mwaka 1938 Russell Cecil, aliyewahi kuiamini tiba hiyo, alitoa matokeo ya wagonjwa 200 wa baridi yabisi, na ikaonekana kung'oa hakukuwasaidia. Nadharia ikatupwa, na ukweli uliokuwamo ukakaribia kutupwa nayo.

Ukweli huo ulikuwa umeshaonekana London mwaka 1935. Watafiti Okell na Elliott walichukua damu ya wagonjwa mara tu baada ya jino kung'olewa, wakaiotesha maabara. Kwa wenye fizi zilizoharibika vibaya, bakteria aina ya streptokoka waliota katika damu ya takriban watu 3 kati ya 4. Moyo ukiwa mzima, mwili huwamaliza wadudu hao upesi. Balaa ni pale valvu ya moyo ina makovu: hujishikiza hapo, damu ikagandia juu yao, wakaendelea kuzaliana na kuila valvu. Ndiyo sababu mwaka 1955 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri wenye valvu mbovu wapewe penisilini kabla ya kung'olewa jino.

Habari ya mshtuko wa moyo ilikuja baadaye, kutoka Helsinki. Mwaka 1989 Kimmo Mattila na wenzake waliwalinganisha wagonjwa 100 waliopata mshtuko na watu wengine 102, wakakuta vinywa vya wagonjwa vina hali mbaya zaidi, hata baada ya kuzingatia umri na uvutaji sigara. Hata hivyo sigara na umaskini huharibu fizi na mishipa kwa pamoja, na kuvitenganisha ni kazi ngumu. Jaribio ninalolithamini zaidi ni la Maurizio Tonetti na wenzake, lililochapishwa mwaka 2007. Watu 120 wenye ugonjwa mkali wa fizi waligawanywa makundi mawili, moja likasafishwa ugaga kwa kina hadi chini ya fizi. Siku iliyofuata mishipa yao ilitanuka kwa shida zaidi kuliko ya wenzao. Baada ya miezi 6 ilitanuka vizuri kuwazidi. Lakini kutanuka kwa mshipa si sawa na kuepuka mshtuko. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilitamka kwamba uhusiano upo, ila hakuna uthibitisho kwamba kutibu fizi huzuia mshtuko.

Ubishi wa antibiotiki nao haujaisha. Mwaka 2007 chama hichohicho kiliwapunguza wanaostahili dawa kabla ya kung'olewa, kikawaacha wengi ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki. Australia iliwabakiza wenyeji wake wa asili wenye ugonjwa huo, kwa kuwa bado unawaandama. Afrika Mashariki nayo ina vijana wengi wenye valvu za namna hiyo, na wengi wao humwona daktari wa meno siku ile tu jino linapokuwa limeshaoza na halina budi kung'olewa.