Viongozi wa Palestina na Umma Usioweza Kuwawajibisha

Ikisiri

Makala hii inachunguza iwapo uongozi wa kisiasa wa Palestina unawakilisha maslahi ya Wapalestina. Hoja yake kuu ni kwamba kiini cha tatizo ni mwelekeo wa uwajibikaji, zaidi ya tabia ya kiongozi mmoja mmoja. Walioshika madaraka Ramallah na Gaza wamekuwa wakiwajibika zaidi kwa wanaowapa fedha, silaha na ruhusa kuliko kwa raia. Hata hivyo, dosari hiyo haiwezi kuwa kisingizio cha kuwanyima Wapalestina haki ya kujiamulia mambo yao.

Sura nne za uwakilishi

Katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu dhana ya uwakilishi, mwanazuoni Hanna Pitkin alitenganisha mambo ambayo kwa kawaida huchanganywa: kupewa idhini ya kuwasemea watu, kuwajibishwa nao, kusimama kama alama yao, na kutenda kwa manufaa yao. Kiongozi anaweza kuwa na moja kati ya hayo akayakosa mengine. Historia ya Palestina ni ushahidi wa hilo.

Oktoba 1974, wakuu wa nchi za Kiarabu waliokutana Rabat walikitambua Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO) kuwa mwakilishi pekee halali wa Wapalestina. Mwezi uliofuata kiongozi wake, Yasser Arafat, alihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na PLO ikapewa hadhi ya mwangalizi. Idhini hiyo haikutoka kwenye sanduku la kura, lakini ilikuwa na mizizi. PLO ilikuwa na vyama vya wafanyakazi, wanawake na wanafunzi vilivyokuwa na wajumbe katika Baraza la Taifa la Palestina, na katika kambi za Lebanon Hilali Nyekundu ya Palestina iliendesha hospitali na zahanati. Mkimbizi alijua mlango wa kubisha.

Oslo na kupinduka kwa uwajibikaji

Makubaliano ya Oslo ya mwaka 1993 yalibadili hali hiyo. Israel iliitambua PLO, na mwaka uliofuata ikaundwa Mamlaka ya Palestina kutawala sehemu za Ukingo wa Magharibi na Gaza. Fedha, ajira na viongozi vikahamia huko, na taasisi za PLO zikadhoofika. Wakimbizi walioandikishwa na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, ni karibu milioni 6, na wengi wao wanaishi Jordan, Lebanon na Syria. Hawa walio nje hawana kura katika uchaguzi wa Mamlaka, ingawa suala la kurejea kwao ni miongoni mwa yale ambayo viongozi hupelekwa mezani kuyajadili. Asiyekuwapo na lake halipo.

Fedha nazo zilikuja na masharti yake. Kwa Itifaki ya Paris ya mwaka 1994, Israel ndiyo hukusanya ushuru wa bidhaa zinazokwenda kwa Wapalestina. Mfanyabiashara wa Nablus akiagiza majokofu kutoka China, mzigo hushushwa katika bandari ya Israel, na ushuru hulipwa kwa Israel, ambayo hukata asilimia 3 kama gharama ya kukusanya kisha huipatia Mamlaka kinachobaki. Fedha hizi ni zaidi ya nusu ya mapato ya Mamlaka, na Israel imezizuia mara nyingi, zikiwemo mwaka 2006, 2011, 2015 na 2019, na tena baada ya Oktoba 2023. Kwa hiyo mshahara wa mwalimu wa Hebron hutegemea uamuzi wa waziri wa fedha wa Israel ambaye mwalimu huyo hakumchagua na hawezi kumwondoa. Serikali inayoishi hivyo hujifunza kusikiliza kwanza upande ambako fedha hutoka.

Uchaguzi wa Bunge wa mwaka 2006 ulilithibitisha somo hilo. Hamas, vuguvugu la Kiislamu, ilipata viti 74 kati ya 132, na Fatah, chama cha Arafat, viti 45. Tofauti ya kura ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya viti. Katika orodha ya kitaifa Hamas ilipata takriban asilimia 44 na Fatah 41, lakini majimboni Fatah ilijigawa kwa kusimamisha wagombea wengi mno. Marekani, Umoja wa Ulaya, Urusi na Umoja wa Mataifa waliitaka serikali mpya iitambue Israel, iache matumizi ya nguvu na ikubali mikataba iliyotangulia. Misaada ya moja kwa moja ikakatwa, na katikati ya mwaka huo Israel ikawakamata wabunge wengi wa Hamas. Juni 2007 Hamas ikavitimua vikosi vya Fatah kutoka Gaza kwa mtutu wa bunduki. Tangu hapo zikawapo serikali mbili, ya Fatah huko Ramallah na ya Hamas huko Gaza, na hakuna hata moja iliyorudi kwa wapiga kura wa taifa zima.

Ukaliaji hauwaondolei viongozi lawama

Wako wanaosema kuwa watu walio chini ya ukaliaji wa kijeshi hawawezi kuwa na uongozi unaowajibika, hivyo kumlaumu kiongozi wa Kipalestina ni kumlaumu mfungwa kwa pingu zake. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Arafat alipofariki dunia tarehe 11 Novemba 2004, Spika wa Bunge, Rawhi Fattouh, alikaimu urais kama Sheria ya Msingi ilivyoagiza, na tarehe 9 Januari 2005 Wapalestina wakamchagua Mahmoud Abbas kwa muhula wa miaka minne. Ukaliaji ulikuwepo, na utaratibu ulifuatwa.

Muhula huo uliisha zamani. Abbas ametawala kwa amri zenye nguvu ya sheria, na Desemba 2018 alitangaza kuvunjwa kwa Bunge akitegemea uamuzi wa Mahakama ya Katiba. Januari 2021 aliitisha uchaguzi. Zaidi ya asilimia 90 ya wenye sifa walikuwa wamejiandikisha, na orodha 36 za wagombea zikasajiliwa, ikiwemo ya Nasser al-Qudwa akishirikiana na Marwan Barghouti, kiongozi wa Fatah aliye gerezani, jambo lililoipasua Fatah. Tarehe 29 Aprili uchaguzi ukaahirishwa kwa maelezo kwamba Israel haijaruhusu kura zipigwe Jerusalem Mashariki.

Suala la Jerusalem si la kubezwa. Katika chaguzi za mwaka 1996, 2005 na 2006 baadhi ya wakazi wa mji huo walipigia kura katika ofisi za posta za Israel, na kulikubali zuio ni kukubali mji uchopolewe. Lakini kuliacha zuio la Israel liamue iwapo Mpalestina yeyote atapiga kura ni kumkabidhi mkaliaji turufu juu ya taifa zima. Uongozi uliotaka kuchaguliwa ungeugeuza upigaji kura wa Jerusalem kuwa uwanja wa mapambano. Miezi miwili baada ya uahirishaji huo, Nizar Banat, mkosoaji wa Mamlaka aliyekuwa mgombea katika uchaguzi huo, alifariki baada ya kukamatwa na kupigwa na askari wa Mamlaka huko Hebron.

Gaza haikuwa na nafuu. Machi 2019 vijana walioandamana kulalamikia ugumu wa maisha walipigwa na kukamatwa na vikosi vya Hamas. Shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023, ambalo liliua watu wapatao 1,200 nchini Israel, wengi wao raia, liliamuliwa na watu wachache kwa siri. Vita vya Israel vilivyofuata viliua makumi ya maelfu ya Wapalestina ambao hawakuulizwa lolote. Ulipaji kisasi dhidi ya raia haukubaliki kwa kipimo chochote; lakini ni wajibu pia kusema kwamba waliobeba gharama hawakushirikishwa katika uamuzi.

Haki ni ya watu

Je, uhaba huu wa uwakilishi unawapa wengine haki ya kuwaamulia Wapalestina? Hapana. Haki ya kujiamulia ni ya watu, wala haifutiki muhula wa rais unapokwisha. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya Julai 2024, iliitambua haki hiyo na kueleza kuwa kuendelea kuwepo kwa Israel katika maeneo iliyoyakalia ni kinyume cha sheria. Lakini mtindo wa kupanga uongozi kutoka nje unaendelea. Aprili 2025, kukiwa na shinikizo la kutaka mageuzi, Baraza Kuu la PLO liliunda nafasi ya makamu wa Abbas, nayo ikaenda kwa Hussein al-Sheikh bila kura ya umma. Novemba mwaka huohuo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha mpango wa kuiweka Gaza chini ya chombo cha kimataifa na kamati ya wataalamu wa Kipalestina. Wataalamu wanaweza kukarabati mabomba ya maji, lakini hawawezi kutoa ridhaa kwa niaba ya watu ambao hawakuwatuma.

Tiba haitakuwa ya mkato. Inahitaji uchaguzi wa rais na wa Bunge, pamoja na uchaguzi wa Baraza la Taifa utakaowafikia wakimbizi. Inahitaji pia ahadi ya wafadhili, itolewe kabla ya kampeni kuanza, kwamba mishahara ya walimu na wauguzi haitakatwa kwa sababu ya matokeo, pamoja na ahadi ya Israel kwamba haitawafunga watakaochaguliwa. Mpalestina aliyezaliwa baada ya Januari 1988 hajawahi kuchagua mbunge, ingawa tume ya uchaguzi ipo na uandikishaji wa mwaka 2021 ulionyesha kiu ya wananchi. Kinachokosekana ni utayari wa wenye nguvu, Ramallah, Gaza, Israel na katika miji ya wafadhili, kuliheshimu jibu la Wapalestina hata pale wasipolipenda.