Cole anakimbia kwa mashua: inFamous 2, mafuriko ya New Orleans na neno letu

Tuliahidi kuandika kuhusu inFamous 2, ile gemu inayomaliza jioni zetu tangu kibanda kipate PlayStation 3 ya mtumba. Wengine mlicheka: historia gani iko kwenye gemu ya mtu anayerusha radi kwa mikono? Iko. Na inagusa ule ubishi wetu wa juzi, kama tufute neno "wakimbizi" kwenye jina la kikundi au tuliache.

Kwa wale ambao hamjaicheza: sehemu ya kwanza ilitoka 2009. Cole MacGrath ni tarishi wa kupeleka vifurushi. Siku moja kifurushi alichobeba kinalipuka, maelfu wanakufa, yeye anabaki hai na umeme mwilini. Serikali inaufunga mji wake, hakuna kuingia wala kutoka. Sehemu ya pili ilitoka Juni 2011, kazi ya studio ya Sucker Punch ya jimbo la Washington. Inaanza na jitu linaloitwa Beast kuuvunja mji huo. Cole anapigana nalo, anashindwa, na anaondoka kwa mashua na rafiki yake Zeke kwenda kusini, mji wa New Marais.

Hapo mmoja wetu alisimamisha gemu akasema, "Jamani, huyu si mkimbizi huyu?" Tukacheka, lakini ni kweli. Nyumba yake imekwisha, amepanda mashua usiku, na anakoenda kuna watu wenye bunduki wasiotaka watu wa aina yake. New Marais inashikwa na wanamgambo wa tajiri mmoja, Joseph Bertrand. Kazi yao ni kusimama jukwaani na vizuizini wakiwaambia raia kwamba hatari yote inatoka kwa wageni wenye nguvu, watu waliopotoka. Ukicheza mbele unagundua kwamba majitu yanayotisha watu usiku yanatokana na Bertrand mwenyewe. Anatengeneza hofu, halafu anajifanya mlinzi. Wengi wetu hatukuhitaji kuelezwa hiyo mara mbili.

Sasa New Marais ni wapi? "Marais" ni Kifaransa, maana yake kinamasi. Mji huo umechorwa kutoka New Orleans, jimbo la Louisiana: vibaraza vya chuma, makaburi yaliyojengwa juu ya ardhi, vinamasi pembeni, hata bendi ya New Orleans iitwayo Galactic ilishiriki kwenye muziki. Na ndani yake kuna mtaa unaoitwa Flood Town. Maji yamefika mapaani, watu wanaishi juu ya mabati, umeme hakuna. Kwa Cole mtaa huu ni mateso, kwa sababu yeye anajichaji kutoka kwenye taa na nyaya, na akitumbukia kwenye maji mengi anakufa. (Tulisema angekuja huku kwetu angemaliza sola zote kabla ya saa mbili usiku.) Tulipocheza mara ya kwanza tulidhani huo ni ubunifu tu wa kufanya gemu iwe ngumu.

Si ubunifu. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga pwani ile, kuta na matuta ya kuzuia maji yakavunjika, na karibu asilimia 80 ya New Orleans ikafunikwa. Mtaa wa Lower Ninth Ward, wenye wakazi wengi weusi, ulisombwa pale ukuta wa mfereji ulipoachia. Watu walikaa juu ya mapaa wakipunga mashuka. Maelfu walijazana kwenye uwanja wa Superdome, joto kali, vyoo vimeharibika. Waliokufa kwenye maafa yale walipita elfu moja, na waliohama makwao katika ukanda ule walipita milioni.

Na wanamgambo je? Hapa ndipo tulipoacha kucheka. Siku chache baada ya maji kupanda, watu waliojaribu kutoka New Orleans kwa miguu wakipita daraja la mto Mississippi walizuiwa na polisi wa mji wa ng'ambo, Gretna, na risasi zikapigwa hewani. Walirudishwa walikotoka, kwenye maji. Huko Algiers Point raia weupe walichukua bunduki, wakaweka vizuizi mitaani, na watu weusi walipigwa risasi. Tarehe 4 Septemba, kwenye daraja la Danziger, polisi waliwafyatulia risasi watu wasio na silaha wakaua wawili. Sisi hatujui kama waandishi wa gemu walikuwa na madaraja haya kichwani. Lakini mtu aliyechukua mji ule pamoja na maji yake hawezi kukwepa vizuizi vyake.

Kuna kitu gemu haikuchukua. Kwenye Flood Town watu bado wapo, wanakungoja juu ya paa uwasaidie. Kwenye Lower Ninth Ward ya kweli wengi hawakuwepo tena. Walipakiwa kwenye mabasi, wakapelekwa Houston na kwingineko. Sensa ya 2000 ilihesabu watu 484,674 New Orleans. Ya 2010, mwaka mmoja kabla ya gemu kutoka, ilihesabu 343,829. Hao waliokosekana hawana misheni kwenye gemu. Na Afrika nayo, tukiwa tunalalamika, imewekwa kama kundi la mamluki kutoka Afrika Kusini. Asante sana.

Turudi kwenye neno. Mwaka ule wa 2005 magazeti na televisheni za Marekani ziliwaita wale watu wakimbizi. Kelele zikawa kubwa. Mchungaji Jesse Jackson alipinga, na Rais Bush naye akapinga, watu wawili ambao kwa kawaida hawakuwa upande mmoja. Hoja ilikuwa hii: hawa ni Wamarekani, wako nchini mwao, kuwaita wakimbizi ni kuwafanya wageni. Baadhi ya magazeti yaliliacha neno hilo, mengine yakaendelea nalo.

Kisheria walikuwa sawa. Mkataba wa 1951 unamtaka mtu awe amevuka mpaka, na wao hawakuvuka. Kwa miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 1998 ni wakimbizi wa ndani, maana miongozo ile inataja vita na majanga ya asili pia. Lakini tuwaambie ukweli ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika: tuliposoma ubishi ule tuliumia kidogo. Waliokuwa wanakataa neno walikuwa wanakataa kufananishwa na nani? Na sisi.

Mwenzetu aliyeleta hoja ya kufuta jina ana sababu yake. Shuleni kwake wakati wa kugawa madaftari mwalimu huita "wakimbizi simameni", na darasa zima hugeuka. Hatuwezi kumwambia asisikie aibu. Tunachomwambia ni kwamba mtu wa New Orleans alikuwa na neno jingine la kudai nalo haki yake: raia. Sisi huku neno la kudai nalo ni hili. Mkataba wa Afrika wa 1969, ule wa Addis Ababa, ulilipanua hadi likamchukua mtu aliyekimbia fujo zilizovuruga usalama wa nchi, bila kumwuliza kama yeye binafsi alitafutwa. Wengi wetu wazazi wetu walipokelewa kwa mlango huo. Tukilifuta kwenye karatasi, tunaingia ofisini na nini?

Kwa hiyo sisi tunaoandika tunasema libaki kwenye jina, na mwalimu yule aombwe aite watoto kwa majina yao. Wengine watapinga, wapinge. Kura ni Jumamosi saa nne asubuhi palepale kibandani, kabla jenereta haijawashwa, maana ikishawashwa hakuna atakayesikiliza.