Tairi kipara kwa makusudi: historia fupi ya mbio za dragi

Haya wapenzi wa teknolojia, leo tunaweka programu kando kidogo. Hesabu zitakuwepo, msiogope.

Ukiwasikiliza vijana wa Subaru hapa Dagoretti Corner, habari zote ni turbo na egzosi. Tairi hulikumbuka mwisho, na rimu huchaguliwa kwa kung'aa. Historia ya dragi, yaani magari mawili kushindana kwenye mstari ulionyooka kwa robo maili (mita 402), inasema anza na tairi.

Fomula ya msuguano tuliyofunzwa shuleni inadai ukubwa wa eneo linalogusana hauna maana. Tuseme kiwango cha msuguano kati ya mpira na lami ni 1. Basi gari, hata ulipe injini ya ndege, haliwezi kuongeza kasi kupita mvutano wa dunia. Piga hesabu: mita 402 kutoka kusimama ni sekunde 9.05. Mchezo ungeishia hapo.

Lakini mwaka 1964 Mmarekani Don Garlits alipita maili 200 kwa saa (kama kilomita 322), tena kwa muda wa chini ya sekunde 8. Je, fizikia ilikuwa na kasoro? La. Fomula ile inafaa vitu vigumu. Mpira laini ukipata joto huingia kwenye vishimo vya lami na kunata. Ndiyo maana madereva huzungusha magurudumu mpaka yatoe moshi kabla ya kuondoka. Si madoido, wanapasha mpira moto.

Ujuzi huo ulipatikana kwa kujaribu. Chama cha NHRA kilipoanzishwa Marekani mwaka 1951, washindani walichukua matairi ya kawaida, wakabandikiwa mpira mpya usio na mistari. Mwaka 1957 kampuni ya M&H ya Massachusetts ikaleta tairi lililoundwa kwa dragi tangu mwanzo: pana, laini, kipara kwa makusudi. Kwenye uwanja uliofungwa ni dhahabu. Barabara ya Ngong ikinyesha, ni jeneza.

Nasi Kenya tulikuwa na tairi letu. Kampuni ya Firestone East Africa, ya tangu 1969, baadaye ikawa Sameer Africa na kuuza tairi la Yana. Kiwanda chake cha Nairobi kilifungwa 2016, kikishindwa na matairi rahisi kutoka nje. Tairi la kutoka mbali huenda limekaa sana njiani na stoo, kwa hivyo umri wake ni jambo la kuangalia.

Hapa ndipo mtu wa kompyuta anapofurahi. Kwenye ubavu wa matairi mengi tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni tarehe. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Kabla ya 2000 tarakimu zilikuwa tatu tu: 358 ingeweza kuwa 1988 au 1998. Ile Y2K iliyotutisha kwenye kompyuta, matairi nayo yalikuwa nayo!

Tairi huzeeka hata meno yakiwa mazima. Mpira hukauka, tabaka hulegea, na kwa kasi ya kilomita 180 linaweza kuchanika. Hapo hatuzungumzii sekunde tena, ni uhai.

Kwa mwanafunzi wa dragi, basi, ushauri wangu ni huu. Kwanza soma tarehe. Pili, tafuta mpira laini na ubavu mrefu kuliko rimu kubwa ya mapambo. Tatu, gari likivutwa na magurudumu yote manne, matairi yawe na kimo kimoja, la sivyo utaumiza difu. Nne, rimu iwe nyepesi: kilo moja ukingoni mwa gurudumu hulemea injini karibu kama kilo mbili ndani ya gari, kwa sababu lazima iende mbele na izunguke pia.

Pesa ikibaki, nunua turbo.