Uonevu na Kifo katika Riwaya za Vijana

Mwaka 1774 Goethe alitoa riwaya ya barua kuhusu kijana Werther, aliyejiua kwa penzi lisilowezekana. Mwaka uliofuata mji wa Leipzig uliipiga marufuku, na hata mavazi ya Werther yakakatazwa, kwa kuchelea vijana wasije wakamwiga. Hofu hiyo haijawatoka watu hadi leo.

Miaka mia mbili baadaye, 1974, Mmarekani Robert Cormier alichapisha The Chocolate War. Jerry Renault, mwanafunzi mgeni katika shule ya wavulana, anakataa kuuza chokoleti za kuichangia shule. Kwa "la" hiyo moja kundi la siri la wanafunzi linamwandama, naye mwalimu mkuu wa muda anajua na kuliacha. Wachapishaji kadhaa waliikataa kazi hii kwa sababu ya mwisho wake wa kiza, Cormier hakuubadili. Jerry anapigwa, na shule nzima imekaa inatazama. Neno letu uonevu lina kuona ndani yake, na sidhani kama kuna riwaya iliyolifasiri vyema zaidi.

Kisha, 2007, kikaja kitabu cha Jay Asher, Thirteen Reasons Why. Hannah Baker amekwisha kujiua. Ameacha kanda saba za kaseti, zinazopitishwa kwa wale anaowalaumu. Asher ameonyesha kwa ustadi jinsi uvumi mdogo unavyozaa mwingine. Lakini, kwa maoni yangu, amekosea katika jambo zito: kifo kinampa Hannah kile alichonyimwa akiwa hai, yaani kusikilizwa. Katika mswada wa awali Hannah alinusurika, na mwisho huo ukachapishwa baadaye, katika toleo la kuadhimisha miaka kumi. Mwaka 2017 hadithi ikawa tamthilia ya Netflix. Julai 2019 kampuni hiyo ikaiondoa sehemu iliyoonyesha kifo chenyewe.

Mwaka 2010 watafiti wa Austria, wakiongozwa na Thomas Niederkrotenthaler, walikuwa wamechunguza habari za magazeti, wakaona kwamba zile za watu waliofikiria kujiua kisha wakapata njia nyingine ziliandamana na kupungua kwa vifo vya namna hiyo. Hali hiyo waliipa jina la Papageno, mtega ndege katika opera ya Mozart ya 1791. Papageno amekata tamaa na yu tayari kufa. Wavulana watatu wanamkumbusha kengele alizonazo. Anazipiga, na Papagena anatokea.