TAA YA BETRI IMEWAKA KWENYE DASHIBODI? SOMA HAPA KABLA HUJANUNUA BETRI MPYA

Leo tuache siasa kidogo tuongee gari.

Juzi kati tulikuwa Kisorya kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe. Baba mdogo akazima injini ya Corolla yake kusubiri zamu. Taa nyekundu ya betri ilikuwa inawaka tangu Kibara, yeye anasema "hiyo ndo kawaida yake". Zamu ikafika, akapiga stata: tik, tik, tik. Basi tukasukuma, huku nyuma honi na matusi. Na wiki mbili kabla fundi mmoja alishamuuzia betri mpya! Kumbe tatizo lilikuwa fyuzi ndogo ya ampea 7.5.

TAA INASEMA NINI?

Ina picha ya betri, lakini haisemi betri ni mbovu. Inasema gari haichaji. Kazi kubwa ya betri ni kuwasha injini. Ikishawaka, altaneta ndiyo inayolisha gari nzima na kurudishia betri umeme wake. Altaneta ikigoma, gari inakula akiba ya betri mpaka iishe, hata kama betri umeinunua jana.

Piga hesabu: taa mbili kubwa za wati 55 kila moja ni wati 110, yaani kama ampea 9 kwenye volti 12. Hapo bado pampu ya mafuta, plagi na feni. Ndiyo maana usiku gari inazima mapema kuliko mchana.

ANZA NA SWICHI

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya betri lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika. Usifurahie, maana kwenye altaneta nyingi za zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kuchaji. Sasa washa injini, taa inatakiwa izime.

- Haizimi kabisa: altaneta haichaji, au fyuzi/waya umekata.
- Inawaka hafifu: shuku dayodi, kaboni zilizoisha au waya uliolegea.
- Inawaka ukipiga resi na mkanda unalia: mkanda unateleza.

HATUA KWA HATUA

1. MKANDA. Zima injini, uangalie kama umekatika, umelegea au una mafuta. Kwenye gari nyingi mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji. Ukiona taa ya betri imewaka na joto linapanda, simama hapohapo, la sivyo utaua injini.

2. VICHWA VYA BETRI. Injini ikiwa imezimwa, safisha ule unga mweupe au wa kijani, kaza. Fuata na waya wa athi mpaka unapofungwa kwenye bodi na injini.

3. FYUZI. Toyota nyingi zina fyuzi imeandikwa ALT-S. Hiyo ndiyo inayoijulisha altaneta hali ya betri. Ikikata, taa inawaka. Weka mpya ya ampea zilezile. Ikikata tena, kuna waya unagusana. Usiweke kipande cha waya badala ya fyuzi, utachoma gari.

4. MITA. Weka kwenye DC volti 20, pima kwenye vichwa vya betri.
- Injini imezimwa muda mrefu: volti 12.6 betri imejaa, 12.0 iko hoi.
- Injini inaunguruma: kati ya 13.8 na 14.5 inachaji vizuri.
- Inabaki 12 na inazidi kushuka: haichaji.
- Inapita 15: regyuleta imekufa, inapika betri. Maji ya betri yatakauka na balbu zitaungua ovyo.

5. WAYA MKUBWA. Injini ikiwaka, pima kwenye bolti ya altaneta, halafu kwenye betri. Altaneta ikionyesha 14.2 na betri 12.3, altaneta ni nzima. Umeme unapotelea njiani: fyuzi kubwa au waya uliooza.

Ukipita zote hizo na bado, sasa ndiyo fungua altaneta. Na hapo usikimbilie kununua nzima. Mara nyingi ni kaboni au regyuleta, na fundi umeme mzuri anabadilisha hicho tu.

USIFANYE HII!

Kuna mafundi wanachomoa kichwa cha betri injini ikiwaka, eti wapime kama altaneta inachaji. Kataa! Volti zinaruka ghafla na zinaweza kuua dayodi, redio, hata kompyuta ya gari. Ukimwona anaenda na spana, mpe mita.

IKIKUKUTA NJIANI

Kama mkanda ni mzima na joto liko sawa, zima AC, redio na feni, usizime injini, nenda moja kwa moja kwa fundi wa karibu. Ukitoka Kisorya kwenda Bunda giza linaingia, bora ulale, maana bila taa kubwa barabarani ni kifo. Na kama unavuka, tengeneza kabla ya kupanda kivuko. Ukizimikiwa mle ndani, magari yote nyuma yako yanakwama.

Kwa hiyo fundi akikwambia "betri imekufa", muulize swali moja tu: umepima volti ngapi injini ikiwaka? Akishindwa kujibu, funga boneti uondoke.

Naomba kuwasilisha. Mafundi mliopo humu, kama kuna nilichosahau ongezeni hapo chini.