Ujuliahali, si "Ufuatiliaji wa Mbali"

Mpwa wangu anatunza wazee huko Massachusetts, zamu ya usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi. Mwezi uliopita alinitumia kwa WhatsApp picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye chumba cha wahudumu. Wengi wa zamu yake ni Wakenya, Watanzania na Wakongo, kwa hiyo mwajiri alikuwa amelipia tafsiri ya Kiswahili. Chini ya picha mpwa wangu aliandika: "Shikamoo mjomba. Hii maana yake nini?"

Karatasi ilisema: "Mfumo wa ufuatiliaji wa mbali wa dalili muhimu za wakazi wa makao." Nikahesabu "wa" nne na "za" moja, kitenzi hakuna.

"Marahaba," nikamjibu. "Ni lile godoro linalohesabu pumzi za bibi."

"Aaa, kumbe godoro!"

Ningekaa kimya kama kosa lingekuwa la mfasiri mmoja aliyebanwa na muda. Lakini msemo huu una wazazi. Umepitishwa na kamati ya istilahi mezani, umegongwa muhuri, na sasa umo katika faharasa zinazogawiwa bure. Sitamtaja mtu. Wanaojijua wanajijua, na chai ya saa nne waliyokunywa siku ile ilikuwa na sambusa.

Tuanze na kitenzi. Fuata huzaa fuatia, na fuatia huzaa fuatilia. Hiyo ni kauli ya kutendea iliyorudiwa, na mara nyingi Kiswahili kikiirudia hivyo huwa kinaongeza nguvu au ung'ang'anizi: shikilia, pigilia, tupilia mbali. Ndiyo maana tunafuatilia deni. Tunafuatilia faili masjala, njoo kesho, njoo keshokutwa. Polisi hufuatilia mtuhumiwa. Kisha miradi ya wafadhili ikatuletea "ufuatiliaji na tathmini", na tangu hapo neno hili halijaachana na harufu ya ripoti ya robo mwaka. Bibi wa miaka 88 aliyelala ubavu hajakopa kitu cha mtu.

Halafu hiyo "wa mbali". Katika Kiswahili nilicholelewa nacho, wa mbali ni ndugu, yule anayefika msibani akauliza marehemu alikuwa nani. Na hapa nani hasa yuko mbali? Kihisi kimo chini ya godoro, shibiri moja kutoka mbavuni mwa bibi, kinasikia mtikisiko wa moyo na kupanda na kushuka kwa kifua. Aliye mbali ni daktari. Faharasa imeubandika umbali huo kwenye kifaa, ikamwacha daktari ajione yuko karibu.

Wapo wanaosema tusihangaike, tuseme kumonita. Hawa angalau uvivu wao ni wa wazi. Neno lenyewe asili yake ni kitenzi cha Kilatini, monere, yaani kukumbusha au kuonya, na monitor alikuwa mtu wa kukukumbusha. Ukoo mzuri tu. Tatizo ni kwamba monita tunaye tayari tangu shule ya msingi: yule aliyebaki na chaki mwalimu akitoka, akaandika ubaoni majina ya wapiga kelele, na kukuongezea mkwaju mbele ya jina hata ukikohoa. Mimi niliandikwa sana. Sitaki mtu huyo alale chini ya godoro la mzee yeyote.

Na ilhali neno tunalo! Jirani akiugua, watu huenda kumjulia hali. Hawaendi kumfuatilia. Tazama kitenzi hicho kilivyoumbwa. Jua, kama nunua, fungua na zaa, ina l iliyojificha ambayo hujitokeza tu kitenzi kinaponyambuliwa: nunulia, fungulia, zalia, julia. Kumjulia mtu hali ni kuijua hali yake kwa faida yake, wala si kwa faida ya faili. Tena julia peke yake ina maana ya pili, tamu zaidi. "Huyu bibi nimemjulia," husema mhudumu, yaani ameshazijua njia zake: hanywi dawa kabla ya chai, hulalia ubavu wa kushoto, ukimwashia taa ghafla ananuna mpaka mchana.

Nalo hali, ambalo wanakamati wanaliona la kawaida mno kuingia katika istilahi, limetoka katika Kiarabu, mzizi wa h-w-l, ambao kiini chake ni kugeuka. Mzizi huohuo umetupa hawala, fedha inayohama mkono, umetupa hila, umetupa na muhali, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo hali si kitu kilichotulia. Ni kile kigeukacho. Pumzi za mtu mzima aliyepumzika ni kama 12 hadi 20 kwa dakika, na kifaa hakina kazi nyingine ila kungoja zigeuke. Waarabu na Wabantu wametuwekea istilahi mezani ikiwa imeshapikwa, sisi tukaagiza chakula hotelini.

Kuna mtaalamu mmoja, rafiki yangu wa zamani, aliyeniambia kwamba kujulia hali ni kwa watu, mashine haiwezi. Nilimuuliza kinasa sauti hunasa kwa mkono upi. Kifungua kinywa je? Na kama anaogopa urefu, ujasiriamali ni neno la umbo hilohilo, kitenzi kimeungana na nomino. Nakumbuka watu wakilicheka lilipoanza kuzoeleka. Leo mama anayekaanga mihogo kituo cha basi anajiita mjasiriamali bila kumeza mate.

Basi ujuliahali nililipeleka kikaoni, miaka kadhaa iliyopita. Katibu akaandika "ujuaji hali". Kumbukumbu zikasambazwa hivyo, na kikao kilichofuata, ambacho sikualikwa, kikalikataa pendekezo kwa hoja kwamba ujuaji ni tabia isiyopendeza. Ni kweli haipendezi. Siku ile ilijaa chumba kizima.

Hata watunga sheria wa Marekani, ambao hawajui Kiswahili, wanaiona tofauti ninayoitetea. Sheria yao ya nyumba za wazee ya mwaka 1987 ilikataza kumfunga mzee kwenye kiti au kitanda kwa ajili ya kumpunguzia mhudumu kazi. Baadaye mwongozo wa serikali ukaenda mbele zaidi, ukasema hata kengele ya kitandani, ile inayopiga yowe mzee akijaribu tu kuinuka, inaweza kuhesabiwa kuwa kifungo, kwa sababu mzee huogopa kujigeuza isije ikalia. Kengele ile kweli inafuatilia. Iacheni na jina lake.

Upande wa pili kuna kile kibanio cha kidoleni. Takuo Aoyagi, mhandisi wa Kijapani, ndiye aliyebuni miaka ya 1970 njia ya kutumia mapigo ya damu kupima oksijeni kwa mwanga, bila kutoboa ngozi. Alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima ikikigombania kifaa hicho kwa ajili ya UVIKO-19, ugonjwa uliozipiga nyumba za wazee kuliko pahali pengine pengi. Hiki ni kifaa cha kujulia hali kabisa, ingawa chenyewe hakijatujulia wote sawasawa: mwaka huohuo wa 2020 madaktari wa Marekani waliandika katika New England Journal of Medicine kwamba upungufu wa oksijeni ulikipita bila kuonekana kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu.

Nilipomweleza mpwa wangu haya yote, kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, alinijibu kwamba wao kazini husema tu "nenda kamcheki bibi". Sina ugomvi na kucheki. Ni fupi, na mbeba boksi hana muda wa kubeba na viambishi. Lakini akanisimulia jambo jingine. Kuna bibi mmoja, Mmarekani, aliyefundishwa naye kuitikia shikamoo, na kila alfajiri mpwa wangu akipita na taa ndogo huitikiwa "marahaba" kwa lafudhi ya ajabu. Alfajiri moja bibi akaitikia "mara… haba". Akavuta pumzi katikati. Kana kwamba alikuwa akizitaja pumzi zenyewe, chache na za kuhesabika. Mpwa wangu akamvalisha kibanio: 89, na kwa kawaida hutakiwa 95 kwenda juu. Alipokimbilia kwa muuguzi akamkuta ameshasimama, kwa sababu godoro nalo lilikuwa limewasha alama nyekundu kwenye skrini yake. Nani alitangulia, sibishani. Godoro na mpwa wangu walikuwa wakifanya kazi moja, na kazi hiyo ina jina.

Matumizi, kwa wanaotaka: mhudumu hujulia hali, mzee ni mjuliwahali, kifaa ni kijuliahali, shughuli yote ni ujuliahali, na daktari akiwa mji mwingine, ongeza "kwa masafa". Karatasi ya ukutani ingetosha kuandikwa: "Godoro hili linamjulia hali bibi. Likiwaka nyekundu, mwite muuguzi."

Na kwa katibu, kama kumbukumbu zile bado anazo: ukurasa wa tatu, mstari wa mwisho, futa "aji", andika "lia", kisha unganisha.