Nembo ya Erroll Ilivyomwangukia Binti

Asubuhi ya tarehe 24 Januari 1941, Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, alikutwa amekufa kwa risasi ndani ya gari lake nje ya Nairobi, kwenye barabara ya Ngong. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa kwa mauaji hayo, akaachiwa huru mwaka huohuo. Vitabu vingi vimeandikwa kumsaka muuaji. Mrithi hatajwi sana, nami naona hapo ndipo penye historia yenyewe.

Marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, Diana, aliyezaliwa Kenya mwaka 1926. Cheo kimoja cha familia, ubwana wa Kilmarnock, kilirithiwa na wanaume tu, kwa hiyo kikaenda kwa baba mdogo wa Diana, Gilbert. Lakini uearl wa Erroll ni wa Uskoti tangu 1452, na binti hakuzuiwa kuurithi. Akiwa na miaka 15, Diana akawa mkuu wa ukoo wa Hay, akashika pia wadhifa wa Konstebo Mkuu wa Uskoti, ambao Mfalme Robert Bruce aliwapa mababu zake mwaka 1314.

Nembo nayo ikawa yake: ngao tatu ndogo nyekundu juu ya fedha, na ndege kozi juu ya taji la nembo. Pembeni wamesimama wakulima wawili wenye nira za ng'ombe. Masimulizi yanasema mkulima mmoja na wanawe waliwazuia Wadenmark huko Luncarty kwa nira hizo. Ni hadithi nzuri, ila wanahistoria wanaona Wahay walitoka Normandy.

Wengi hudhani kila mwenye jina la Hay anamiliki nembo hiyo. Sivyo. Kwa sheria ya Uskoti, nembo kamili ina mwenyewe mmoja kwa wakati mmoja. Ndugu wadogo huomba toleo lenye alama ya kutofautisha, pengine ukingo wa rangi, kwa Lord Lyon, ofisa mkuu wa nembo za Uskoti, mjini Edinburgh. Lyon ana mahakama kamili yenye mwendesha mashtaka, na daftari la nembo lililowekwa kwa sheria ya 1672. Anayejitwalia nembo ya mwingine anaweza kushtakiwa.

Diana alifariki mwaka 1978. Mwanawe mkubwa, Merlin, aliyechukua jina la Hay la mama yake, akarithi uearl na ukuu wa ukoo. Mdogo wake, Peregrine, akabaki na jina la baba yao, Moncreiffe.